Wageni Wanapokuja Kutujengea

Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya wageni wa kanisa wanaotoka nchi za mbali kuja kujenga. Wengi wetu tumewaona. Basi dogo linaingia kijijini jioni, limejaa vumbi. Wanashuka vijana na wazee, wamevaa fulana za rangi moja zenye maandishi kifuani. Watoto wanawakimbilia. Kesho yake asubuhi wageni wanachota mchanga, wanabeba matofali, wanapaka rangi. Baada ya siku kumi au kumi na mbili wanaimba wimbo wa kuaga, wengine wanalia, kisha wanapanda basi lao. Nyuma yao limebaki jengo la watoto: darasa, maktaba, bweni, au nyumba ya yatima. Pengine limekwisha. Pengine limeishia kwenye lenta, na mvua za masika zinakuja.

Swali letu ni hili. Je, kazi ile inawafaa watoto kweli? Na kama inawafaa nusu tu, ile nusu nyingine tuipateje?

Wageni hawa ni nani?

Tusianze kwa kuwasema vibaya. Wapo watu wanaodhani kila mgeni ni tajiri. Sivyo. Katika kundi moja utamkuta mwalimu, muuguzi, fundi wa magari, mwanafunzi na mzee aliyestaafu. Hawalipwi mshahara kwa kazi hii. Nauli wanaitafuta wenyewe. Wanaosha magari ya watu siku ya Jumamosi, wanauza keki baada ya ibada, wanaandika barua kwa shangazi na kwa jirani kuomba mchango. Wengine hutumia likizo yao yote ya mwaka kwa safari hii. Ndiyo maana wanaitwa watu wa kujitolea. Nasi neno hilo tunalijua. Madarasa mangapi ya nchi hii yalijengwa kwa msaragambo, kina mama wakisomba maji na kina baba wakichimba msingi?

Zamani mgeni wa namna hii alikuja kwa meli, tena alikuja kukaa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Waliwapokea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Walijenga kijiji, shule na karakana, na watoto wakafundishwa kusoma, kulima, useremala na uashi. Wamisionari wengi walikufa kwa homa wakiwa bado vijana. Makaburi yao yapo pale Bagamoyo mpaka leo. Hatusemi kila walilofanya lilikuwa jema. Tunasema tu kwamba mtu aliyekaa miaka ishirini aliona mwenyewe kama ukuta wake ulipata ufa au haukupata.

Siku hizi ndege imefupisha njia. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 2005 ulikadiria kwamba waumini watu wazima kama milioni 1.6 wa nchi ile walikwenda nchi za nje kwa safari fupi za kanisa katika mwaka mmoja. Wengi wao walikaa chini ya wiki mbili. Hao ni watu wengi mno. Basi si jambo la kijiji kimoja, wala si la nchi yetu peke yake. Hebu twende mbali kidogo, tukaone nchi moja ambako jambo hili lilipimwa kwa hesabu.

Nyumba za Honduras

Honduras ni nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Tanzania ni kubwa kuliko Honduras zaidi ya mara nane. Watu wake husema Kihispania, na wengi ni Wakristo. Wakulima wake wanaishi kwa mahindi na maharage kama sisi, ila wao hawasongi ugali. Mahindi yao huyafanya mikate myembamba mfano wa chapati.

Mwishoni mwa Oktoba 1998 tufani kubwa ilipiga nchi ile. Tufani hiyo ilipewa jina la Mitch. Upepo ulikuwa mkali, lakini maji ndiyo yaliyoua zaidi. Mvua ilinyesha siku baada ya siku bila kupumzika. Mito ilitoka katika njia zake. Vilima vilimeguka, vikafunika nyumba zilizojengwa chini yake. Hata katika mji mkuu, Tegucigalpa, mto ulipita katikati ya makazi ya watu ukafagia. Katika Honduras peke yake watu zaidi ya 5,000 walikufa. Migomba iliyokuwa ikiiletea nchi fedha ililala chini, na maelfu ya watu walibaki bila nyumba.

Makanisa ya Marekani na Kanada yalisikia habari hizo, yakahuzunika. Vikundi vilianza kwenda kujenga nyumba kwa ajili ya familia zenye watoto. Kikundi kimoja kilipoondoka, kingine kiliingia. Wakati huohuo mashirika ya Kikristo ya Honduras yenyewe nayo yalijenga, yakitumia mafundi wa kwao na nguvu za wenye nyumba.

Alikuwapo mwalimu mmoja wa chuo, jina lake Kurt Ver Beek. Ni Mmarekani, naye ni Mkristo, tena alikuwa ameishi Honduras miaka mingi. Yeye alifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: alirudi kuuliza. Alikwenda kwa familia zilizojengewa nyumba na wageni, akaenda pia kwa familia zilizojengewa na wenyeji. Aliuliza maisha yao yamebadilika vipi, uhusiano wao na majirani ukoje, imani yao ikoje. Mwaka 2006 alichapisha majibu aliyoyapata.

Alikuta nini? Kati ya familia hizo hakuona tofauti ya maana. Aliyejengewa na mgeni alifurahi kupata nyumba. Aliyejengewa na fundi wa kwao alifurahi vilevile. Nyumba ni nyumba.

Tofauti ilikuwa katika gharama. Kikundi kimoja cha wageni kilitumia kama dola 30,000 kwa safari nzima: ndege, chakula, malazi na vifaa vya ujenzi. Shirika la wenyeji liliweza kujenga nyumba moja kwa kama dola 2,000. Sasa, ndugu msomaji, chukua kalamu tupige hesabu pamoja:

30,000 ÷ 2,000 = 15

Maana yake ni nini? Fedha zilizoleta kikundi kimoja zingetosha kujenga nyumba kumi na tano. Kumi na tano! Zipange kichwani mwako, kuanzia kwa jirani yako mpaka kisimani, kila moja ina mama na watoto ndani yake. Wapo watu wa Honduras waliosema waziwazi kwamba wageni ni watu wema, lakini ingekuwa afadhali fedha za nauli zijenge nyumba zaidi.

Hesabu haijaisha

Hapo msomaji mwerevu atanyoosha mkono. Atasema, “Ngoja kwanza. Ile nauli isingetolewa kama kijana asingesafiri. Shangazi yake alitoa fedha kwa sababu mtoto wa ndugu yake anakwenda. Asingempa mtu asiyemjua huko Honduras.”

Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuipuuzi. Fedha za watu si maji ya bomba, kwamba ukifunga huku yatatoka kule. Na wanaotetea safari hizi husema jambo jingine tena: mgeni akishaona kwa macho yake, moyo wake hubadilika, na akirudi kwao atatoa kwa miaka mingi. Kwa hiyo safari ni kama mbegu.

Basi mwalimu yule aliipima hiyo mbegu pia. Aliwauliza wageni waliokwisha kurudi kwao. Wengi walisema ndiyo, tumebadilika, sasa tunaomba zaidi na tunatoa zaidi. Kisha akaangalia kumbukumbu za michango. Kumbe mabadiliko yalikuwa madogo sana! Midomo ilisema makubwa, daftari likasema madogo.

Hatudhani watu wale walidanganya. Mtu akitoka kwenye mahubiri mazuri huamini kwamba amekuwa mtu mpya, na Jumatatu inamkuta vilevile. Hata sisi tuko hivyo. Ila hesabu hii inatupa haki ya kusema jambo moja bila kuona haya: safari fupi ya kujenga, kwanza kabisa, ni shule ya yule anayesafiri. Anajifunza kuoga kwa ndoo, anajifunza kula kwa mkono, anajifunza kwamba watu maskini wana akili. Hilo si baya. Lakini kijiji kinachopokea kijue kwamba nacho kinatoa kitu. Kinatoa elimu. Si mwombaji anayengojea kudondoshewa.

Ukuta una sheria zake

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2014 mwandishi mmoja wa Marekani, mwanamke kijana, alisimulia habari yake mwenyewe, na watu wengi duniani wakaisoma. Alipokuwa msichana wa shule alikuja hapa Tanzania na wenzake. Walikuja kujenga maktaba kwenye nyumba ya yatima. Lilikuwa kundi la shule, si la kanisa, lakini kazi ni ileile. Mchana kutwa wasichana walichanganya saruji na kupanga matofali. Usiku, wao wakiwa wamelala, wanaume wa pale walikuja wakabomoa kuta zilizojengwa vibaya, wakazijenga upya. Asubuhi wasichana waliendelea pale walipoishia, wakidhani ni kazi yao. Siku zote ilikuwa hivyo.

Tunapoisoma habari hii tunacheka. Lakini mbona wale mafundi hawakusema? Kwa sababu ya adabu. Mgeni hukosolewi mbele ya watu. Tena pengine waliogopa kwamba mgeni akiona aibu, fedha zitakwenda naye. Adabu ni kitu kizuri, lakini adabu hiyo ina gharama: saruji ya kununuliwa mara mbili na usingizi wa fundi. Na siku ambayo fundi amechoka, habomoi tena. Ukuta mbovu unabaki, watoto wanaingia ndani.

Tusifanye mchezo na jambo hili. Tarehe 7 Novemba 2008, katika mji wa Pétionville nchini Haiti, shule moja ya kanisa ilianguka wanafunzi wakiwa darasani. Watu zaidi ya 90 walikufa, wengi wao watoto. Shule ile haikujengwa na wageni. Ilijengwa na wenyeji. Ila zege lake lilikuwa dhaifu na nondo zilikuwa haba. Zege haliulizi ni nani aliyelimwaga, mgeni au mwenyeji, mcha Mungu au mwizi. Linauliza kama umeweka saruji ya kutosha.

Basi tukumbushane sheria chache za ukuta. Kwanza, tofali lisipandane na mwenzake kiungo juu ya kiungo. Tofali la juu likae katikati ya mawili ya chini, ili ufa usipate njia. Pili, fundi apime kwa timazi, yaani uzi wenye chuma kizito mwishoni, aone kama ukuta umesimama wima. Apime tena kwa pima maji, aone kama umelala sawa. Jicho pekee halitoshi, hata jicho la mhandisi. Tatu, lenta iwe na nondo, nayo ifunge kuta zote nne kama mkanda.

La nne ndilo linalogombana na safari fupi. Zege jipya lazima linyweshwe maji, asubuhi na jioni, kwa siku saba au zaidi. Likikauka kwa haraka juani linakosa nguvu na kupasuka. Sasa tazama: wageni wana siku kumi tu. Wanataka kuona bati juu kabla ya kuondoka, ili wapige picha ya kuwaonyesha waliowachangia. Siku saba za kungojea zege wataziona kuwa ni siku za kukaa bure. Basi fundi anasukumwa, “Twende, twende!” Msingi wa juzi unabebeshwa ukuta wa leo. Hakuna mtu mbaya hapo. Kuna haraka tu.

Dawa yake ni rahisi. Msingi na lenta vifanywe na mafundi wetu, wageni wakiwa hawajafika au wakiwa wamekwisha kuondoka. Mgeni apewe kazi ya saidia fundi: kuchekecha mchanga, kusomba maji, kusogeza matofali, kupaka rangi, kupanda miti ya kivuli. Na katika kundi akiwapo fundi hasa, mwashi au mtu wa umeme, huyo ni neema. Afanye kazi bega kwa bega na kijana wetu mmoja, ili ujuzi ubaki.

Lakini hapo pia tuangalie. Kijana wa kijijini anayemsaidia fundi hulipwa kwa siku, na malipo hayo ndiyo sabuni na chumvi ya nyumbani kwake. Wageni ishirini wakibeba matofali bure, vijana wetu wanakaa chini ya mwembe wakitazama. Afadhali wachanganywe, mgeni mmoja na kijana mmoja, na kijana alipwe ujira wake kama kawaida.

Mfano wa Mbandaka

Isidhaniwe kwamba hakuna njia nyingine. Mwaka 1973 Mmarekani Millard Fuller, mkewe Linda na watoto wao walihamia Mbandaka, mji ulio kando ya Mto Kongo. Nchi ile wakati huo iliitwa Zaire, siku hizi ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walitumwa na kanisa. Walikaa miaka mitatu wakijenga nyumba za matofali ya saruji pamoja na watu wa mji. Nyumba hazikugawiwa kama pipi. Mwenye nyumba alilipa kidogo kidogo, bila riba, na fedha zake zikaingia katika mfuko wa kujengea nyumba ya mwingine. Waliporudi Marekani mwaka 1976 walianzisha shirika linaloitwa Habitat for Humanity, ambalo linafanya kazi katika nchi nyingi. Ni desturi ya shirika hilo kwamba anayejengewa hutoa pia jasho lake mwenyewe katika ujenzi.

Tazama tofauti. Huyu alikaa miaka mitatu, tena aliyejengewa alikuwa na neno na alikuwa na deni. Mtu mwenye deni la nyumba haachi bati lake lining'inie upepo ukilivuma.

Jengo linapotafuta watoto

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko yote. Darasa lina watoto wake tayari. Wako chini ya mti wanangojea. Lakini nyumba ya yatima je? Mara nyingine jengo hutangulia, kisha watoto hutafutwa.

Jambo hili lilionekana wazi huko Kambodia, nchi ya Asia. Kati ya mwaka 2005 na 2010 nyumba za kulelea yatima katika nchi ile ziliongezeka kwa asilimia 75. Je, vita vilizuka, au tauni? Hapana. Kilichoongezeka ni wageni wenye moyo wa huruma, waliotaka kutembelea yatima, kuwajengea na kuwachangia. Walipohesabiwa watoto waliokuwa ndani, ilionekana kwamba kama watatu kati ya kila wanne walikuwa na mzazi, angalau mmoja, aliye hai.

Loo! Inakuwaje mtoto mwenye mama aitwe yatima? Inakuwa hivi. Mtu anafika kijijini, anamwambia mama maskini, “Nipe mtoto. Kule kuna wazungu, atakula, atasoma Kiingereza.” Mama anafikiri anamsaidia mwanawe. Nyumba ikijaa watoto, wageni wanakuja. Wageni wakija, fedha zinakuja. Watoto wakirudi kwao, vitanda vitakuwa vitupu na fedha zitakatika. Kwa hiyo hawarudishwi. Wageni waliojenga bweni lile hawakujua. Walipiga misumari kwa moyo safi.

Mfikirie pia mtoto wa miaka mitatu. Anabebwa na mgeni siku kumi, anamzoea, anamwita mama. Mgeni anaondoka. Mwezi ujao anakuja mwingine, anabeba, anaondoka. Mtoto anajifunza nini? Anajifunza kwamba kila anayempenda huondoka.

Hapa kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni. Mtu haruhusiwi kukusanya watoto wa watu katika nyumba kwa sababu tu amepata mfadhili. Anayetaka kuanzisha aulizwe: leseni iko wapi? Afisa ustawi wa jamii wa wilaya anajua? Tena tujiulize kama mtoto yule hana bibi, hana shangazi, hana mjomba. Pengine bibi yupo, amepungukiwa tu na sare za shule na debe la mahindi. Fedha za kitanda kimoja cha bwenini zinaweza kumweka mtoto huyo kwa bibi yake akiwa ameshiba.

Kwa hiyo wageni wakisema wanataka kuwajengea watoto, yapo majengo ambayo hayamtoi mtoto kwao. Darasa, tangi la maji ya mvua, vyoo vya shule. Choo hakipendezi katika picha, hilo twalijua. Lakini mwulize msichana wa darasa la saba kipi kinamrudisha nyumbani saa nne asubuhi.

Tuandike barua

Kosa la vijiji vingi ni kungoja mpaka basi lifike. Wakati huo mambo yamekwisha kupangwa huko kwao, ramani imechorwa, hata rangi ya ukuta imechaguliwa. Ndugu zetu, sisi sasa tunajua kusoma na kuandika. Tuandike mapema. Mkutano mkuu wa kijiji ukutane kwanza, useme shida iliyo kubwa ni ipi, na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Kisha kamati iandike barua. Barua yenyewe inaweza kuwa kama hii. Penye nukta ujaze mwenyewe.

Kijiji cha ....................
Tarehe ....................

Kwa ndugu zetu wa Kanisa la ....................

Salamu sana. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Tumefurahi kusikia kwamba mnakusudia kuja kwetu mwezi wa .................... kujenga. Karibuni.

Tumefanya mkutano tarehe ..................... Wanakijiji wameona kwamba shida ya kwanza ya watoto wetu ni ..................... Tunaomba kazi yetu iwe hiyo.

Msingi tutauchimba sisi wenyewe. Mawe na mchanga tutasomba sisi. Ramani itakaguliwa na mhandisi wa halmashauri ya wilaya. Mafundi ni wa hapa kwetu, na wao ndio watakaosimamia kazi. Tunaomba mkija mkubali kuelekezwa nao, nao watawafundisha vizuri. Vijana wetu wanaosaidia mafundi watalipwa, kwa maana wanaishi kwa kazi hiyo.

Zege linahitaji siku zake. Kwa hiyo mtakapoondoka jengo pengine halijaezekwa. Msisikitike. Tutawaandikia likiisha, na tutawaletea picha.

Fedha za vifaa tunaomba zipitie benki, katika akaunti ya kijiji yenye watia saini zaidi ya mmoja. Hesabu zitasomwa mbele ya mkutano mkuu, na nakala yake tutawaletea.

Tuna ombi moja ambalo si rahisi kulisema. Mko watu ishirini. Je, mnaweza kuja kumi, na nauli ya wale kumi wengine ikanunua bati na saruji? Mkiona haiwezekani, bado mnakaribishwa.

Zawadi za watoto mpeni mwalimu mkuu, naye atagawa kwa usawa. Msiwape pipi barabarani, kwa maana watoto watazoea kuomba. Mtoto asipigwe picha mpaka mzazi wake akubali. Mgeni asikae na mtoto faraghani. Sheria hii ni kwa wageni wote, hata wa kutoka wilayani.

Jioni mtakula kwetu, nyumba kwa nyumba, wawili wawili. Mtatuambia habari za kwenu, nasi tutawaambia za kwetu. Tungependa kujua kama kwenu pia mvua zimebadilika.

Ni sisi ndugu zenu,

....................
Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi

....................
Katibu

Barua iandikwe nakala tatu. Moja ipelekwe kwa wageni kwa mkono wa mchungaji, padre au katekista. Moja ibaki katika ofisi ya kijiji. Moja akae nayo mwalimu mkuu. Kamati isiyojua Kiingereza isiogope. Mwalimu atafsiri, na ile ya Kiswahili iende pamoja na tafsiri yake katika bahasha moja, ikiwa na sahihi za watu wetu.